Pua ya Fundi Raymundi

Kaka yangu Raymundi Bundala alikuwa fundi magari hapa Tabora katika miaka ile baada ya vita, Mwingereza akiwa bado anatutawala na magari yakiwa bado machache kiasi kwamba watu waliyatambua kwa sauti kabla hayajakata kona. Gereji yake ilikuwa Kitete, kando ya njia ya kwenda hospitali: mabati juu ya nguzo, shimo la kumshusha fundi chini ya gari, na benchi la wateja. Mimi Eustadia, dada yake, nilikaanga vitumbua ng'ambo ya barabara nikitazamana na benchi hilo. Ninayoyasema sikuhadithiwa.

Sifa yake ilikuwa pua. Mafundi wengine walifungua, wakagonga, wakatoa vyuma na kuvipanga juu ya gunia mpaka mwenye gari akaanza kuumwa tumbo. Raymundi alinusa. Gari likiletwa kwa sababu ya harufu ya kuungua, aliinua boneti, akafumba macho, akanusa kuanzia mbele hadi nyuma, polepole, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Kisha akanyoosha kidole: hapa. Alifundishwa na Kalasinga mmoja aliyekuwa na karakana karibu na stesheni, na Kalasinga huyo alimwambia kwamba kila kinachoungua ndani ya gari kina harufu yake. Breki zikishika moto hunuka kitambaa kinachoungua. Waya wa umeme hunuka samaki. Mafuta ya injini yakidondokea bomba la moto hunuka kikaango kilichosahauliwa jikoni.

Watu walimwita Bwana Pua. Magari yalikuja kwake kutoka Nzega na Urambo, naye akaanza kutembea ameinua kichwa kidogo. Alisema ni kwa sababu ya kazi.

Halafu pua ikamtoka. Natamani ningekuwa na kisa kikubwa cha kueleza, lakini hakipo. Alipata mafua wakati wa mvua, mafua ya kawaida, yakaisha, na kunusa kukaondoka nayo. Aligundua Jumapili moja ambapo mke wake, wifi yangu Tekla, alikwenda misa akamwachia sufuria ya maharage aiangalie. Aliiangalia. Tekla aliporudi alimkuta ameketi katikati ya moshi anashona kiatu chake, maharage yamekuwa makaa, na yeye ana amani kabisa. Tekla alidhani amelewa.

Walijaribu mvuke wa mkaratusi. Walijaribu pilipili. Walijaribu dawa ya mganga mmoja wa Isevya, iliyompigisha chafya tangu alfajiri mpaka majirani wakaanza kumpa pole kwa zamu. Pua haikurudi.

Mtu mwingine angesema tu. Raymundi alikuwa na macho, masikio na mikono yake yote miwili. Angewaambia watu, jamani, siku hizi sisikii harufu, nitafungua na kugonga kama wenzangu. Asingekufa. Yeye aliona afadhali kufa. Akamwomba Tekla amsaidie siku moja mbili, mpaka pua irudi, na mimi akaniapisha kwa jina la marehemu mama yetu nisiseme.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Tekla alizoea kumpelekea chai gereji kila asubuhi. Sasa akawa anapita karibu na gari lililoletwa, anaweka birika chini, anavuta pumzi, kisha anasema kwa sauti ya kawaida alichokiunguza nyumbani.

"Baba Veneranda, nisamehe, leo nimeunguza kitambaa cha kuepulia sufuria."

Hiyo ni breki. Akisema ameunguza samaki, ni waya. Akisema ameacha kikaango motoni, ni mafuta. Raymundi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mume mvumilivu, akafumba macho, akanusa asichokinusa, akanyoosha kidole. Wateja kwenye benchi wakasema, "Aah!" na sifa za Bwana Pua zikazidi.

Lakini benchi lilikuwa na masikio, na lilisikia yote mawili. Lilisikia kwamba fundi ana pua, na lilisikia kwamba mke wake anaunguza chakula kila siku ya Mungu.

Hapa niseme jambo moja. Mimi ni wifi yake, na mawifi hatusifiani bure. Tekla alipika wali ambao ungeweza kuhesabu punje zake. Kisamvu chake cha karanga kilimfanya mume wangu, Mungu amrehemu, kusifu nyumba ya watu mbele yangu. Hajawahi kuunguza kitu. Lakini mjini ilishajulikana kwamba mke wa fundi ni hatari jikoni, na jambo likishajulikana Tabora hulifuti kwa kitambaa. Bernadeta, kiongozi wa kwaya, alimwendea kwa huruma akamfundisha kupunguza kuni. Kwenye misiba, wanawake wa parokia walimpa kazi ya kuosha vyombo. Kwenye arusi ya Bertila, msichana wa parokia yetu, ambapo kila mwanamke mwenye mikono alikuwa na sufuria yake, Tekla alipewa fimbo akaambiwa afukuze mbuzi.

Mwanzoni tulicheka, yeye na mimi, mpaka tukashika mbavu. Siku ya arusi ya Bertila hakucheka. Nilimwona amesimama juani na fimbo yake, amevaa kitenge chake kipya, anatazama moshi wa majiko ya wenzake. Niliumia. Nilimkasirikia kaka yangu kiasi kwamba kwa muda mrefu nilimuuzia vitumbua vya jana, naye alikula tu, maana hata ladha ilikuwa imeondoka na pua. Siku moja mbili zilishakuwa miaka.

Ndipo pikapu la Darwesh likaja.

Darwesh bin Hilali alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta, wa katika zile familia za Waarabu ambazo babu zao walikuja na misafara wakasahau kuondoka. Asali aliinunua Sikonge, ikiwa ndani ya vilindo, yale mapipa ya magome ya mti yanayoshonwa kwa kamba, akaipakia kwenye pikapu lake lenye sakafu ya mbao. Siku hiyo pikapu halikuwa na mzigo. Lilikuwa na mama yake, Bibi Bimdogo, ambaye alikaa mbele ameshika kuku.

Binti wa bibi huyo, Khole, dada yake Darwesh, alikuwa ameolewa Nzega na alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Kwao, mama kukosa uzazi wa kwanza wa binti yake ni jambo la kusemwa mpaka mtoto huyo aote ndevu. Bibi Bimdogo alikuwa na kasha la nguo za mtoto, madumu ya mafuta ya kukandia, na kuku huyo. Basi la abiria halimchukui mtu wa namna hiyo.

"Shikamoo, Bibi," Raymundi alisema.

"Marahaba. Gari hii inaungua."

"Haiungui, Mama," alisema Darwesh, ambaye alikuwa mtu mpole. "Fundi, wiki nzima anasema inaungua. Mimi nimo ndani kila siku, sijasikia kitu."

"Wewe utasikia nini? Umejifukiza udi mpaka nzi wanakukwepa. Fundi, nusa."

Raymundi aliinua boneti na kusubiri chai. Tekla akaja na birika lake, akaliweka chini kando ya tairi la nyuma, akavuta pumzi. Kawaida alivuta mara moja. Siku hiyo alivuta, akavuta tena, na nikiwa ng'ambo ya barabara nilimwona anatabasamu.

"Baba Veneranda," alisema, "leo sijaunguza kitu."

Raymundi alimkazia macho.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Leo nyumbani ni kuzuri tu."

Basi Raymundi akafumba macho akanusa pikapu zima, kwenda na kurudi, kwa sababu bibi yule alikuwa akimtazama kwa makini. Akaangalia breki, akaangalia nyaya, akaangalia mafuta. Akafunga boneti.

"Bibi, gari ni nzima."

"Nzima?"

"Nzima."

Bibi Bimdogo alimtazama kwa muda, kisha akamtazama kuku, kana kwamba alitaka maoni ya mtu wa tatu. Wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata walianza safari ya Nzega. Hawakufika Nzega. Hawakufika hata nusu ya njia. Kabla ya adhuhuri niliwaona wanarudi: mbele Bibi Bimdogo kwa miguu, buibui limejaa vumbi, kuku kwapani, nyuma yake pikapu likivutwa na ng'ombe wa kulimia wa mzee mmoja aitwaye Ngollo, na nyuma ya pikapu nusu ya watu wa Kitete, maana pikapu kuvutwa na ng'ombe si jambo la kukosa. Mbao za sakafu zilikuwa zimeungua katikati, tundu la kutosha kupitisha kichwa. Kasha la nguo za mtoto lilikuwa jeusi upande mmoja. Moto ulikuwa umezimwa na bibi mwenyewe, kwa maji yake ya kutawadha.

"Fundi," alisema, akifika mbele ya Raymundi. "Uliniambia nzima."

Raymundi alizunguka nyuma ya pikapu. Aliiangalia ile sakafu. Watu walijaa mpaka barabarani. Bernadeta, aliyekuwa amekuja kununua vitumbua, aliviacha mkononi mwangu akavuka. Anton, dereva wa misheni, alipanda juu ya benchi ili aone vizuri. Nami niliacha mafuta motoni nikavuka pia. Tekla alikuja mbio kutoka nyumbani. Birika alikuwa nalo, kwa mazoea, ingawa haikuwa saa ya chai.

Alipenya mpaka kwenye pikapu, akavuta pumzi, uso ukamwiva. Akamsogelea mumewe.

"Sijaunguza kitu, Baba Veneranda," alisema kwa sauti ndogo. "Nakwambia kweli. Sijaunguza kitu."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini Bibi Bimdogo alimsikia.

"Wewe!" alisema. "Wewe ndiye yule mwanamke wa kuunguza. Tabora nzima inakujua. Mume analishwa makaa asubuhi na jioni, kitambaa kimeungua, samaki ameungua, atabaki na pua gani? Pua ya mtu umeipika, mama! Na mimi leo binti yangu yuko peke yake Nzega kwa sababu ya sufuria zako."

Watu walicheka. Walicheka kicheko kibaya, cha watu waliosubiri muda mrefu kulisikia neno hilo likisemwa waziwazi. Bernadeta alicheka akiwa ameziba mdomo, kwa heshima.

"Kweli, Mama, tusimlaumu fundi," Darwesh alisema kwa upole wake. "Yeye ni mgonjwa, kwa namna fulani. Mtu akila moshi miaka yote, pua itachoka tu. Fundi, pole sana."

"Pole, fundi," watu walisema.

Hapo nilimtazama kaka yangu, nikaona kwamba ameona. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji kuinamisha macho tu, na jina lake lingebaki salama, Bwana Pua aliyeharibiwa na mkewe, na wateja wangemwonea huruma mpaka anakufa. Tekla aliinamisha kichwa. Hakujitetea, hakulia. Alishazoea. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba alishazoea.

Raymundi alichukua kitambaa akafuta mikono, ingawa ilikuwa misafi, maana siku hiyo hakuwa na kazi. Alifuta kidole kimoja kimoja.

"Bibi," alisema, "mke wangu hajaunguza sufuria hata moja tangu nimuoe."

Kicheko kilipungua.

"Mimi sisikii harufu. Yoyote. Tangu nilipougua mafua, na ni miaka. Anayenusa magari yenu ni yeye. Akisema ameunguza kitambaa, ni breki zenu. Mimi nanyoosha kidole tu."

Tulisikia ng'ombe wa mzee Ngollo wakicheua. Anton alishuka polepole kwenye benchi.

"Kwa hiyo wale samaki wa mwezi uliopita…"

"Waya wako."

"Na kikaango?"

"Mafuta yako, Anton. Ulikuwa hujafunga kizibo."

Anton alirudi kukaa. Wengine nao walianza kukumbuka, ungewaona midomo ikitembea, kila mmoja na kitoweo chake. Bernadeta hakuwa akicheka tena. Bibi Bimdogo peke yake ndiye hakupoteza muda kushangaa, kwa kuwa alikuwa na safari. Alimsukuma mwanawe kando akamshika Tekla mkono.

"Binti yangu. Kumbe nilikuwa naongea na mwenye kidole, si mwenye pua. Sasa niambie wewe, unasikia nini?"

"Asali, Bibi."

"Asali ipi?"

"Ya kwetu Sikonge. Baba yangu alikuwa mrina asali. Kwetu nyuki hufukuzwa kwa moshi, na moshi huingia ndani ya asali. Mtoto wa Sikonge akipewa asali isiyo na moshi, anasema amepewa sukari. Jana nilipovuta pumzi hapa nilisikia moshi na asali, nikajua ni harufu ya mzigo. Kusema kweli nilifurahi. Niliona kama baba amepita."

"Jana hapakuwa na mzigo," Darwesh alisema. "Vilindo vyote nilivishusha Jumatatu."

Tekla alimtazama. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, kitenge na yote, akaingiza kichwa chini ya sakafu ya pikapu. Alikaa huko kidogo.

"Moshi wa asali huwa umelala," alisema alipotoka. "Huu ni mbichi. Baba Veneranda, ingia shimoni uangalie bomba la moshi."

Walilisukuma pikapu juu ya shimo, Raymundi akashuka. Tatizo lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho, na macho kaka yangu alikuwa nayo. Njia ya Sikonge ina visiki, na kisiki kimoja kilikuwa kimelipiga bomba la moshi kwa chini, kikalipandisha mpaka likakaribia kugusa mbao. Juu yake vilindo vilikuwa vinavuja safari baada ya safari. Asali na nta vilipenya kwenye nyufa, vikazilowesha mbao, vikaligandia bomba kama uji uliofurika. Kwa safari fupi za mjini bomba lilipata joto la kunukisha tu. Kwa safari ya Nzega lilipata joto la kuwasha.

Alifanya kazi mpaka alasiri. Alilipiga bomba likashuka, akalifunga kwa ukanda wa chuma lisipande tena. Alikwangua nta kwa patasi, akaosha kwa maji ya moto na majivu. Alitoa mbao zilizoungua akaweka nyingine, na chini yake, juu ya bomba, akapigilia bati la debe lililonyooshwa, ili hata asali ikivuja isifike kwenye moto. Tekla alisimama ukingoni mwa shimo muda wote.

"Bado," alimwambia. "Upande wa kushoto, nyuma ya ukanda. Hapo. Bado kidogo."

Alisema kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu, bila kutaja sufuria.

Mwishowe waliliwasha gari likanguruma pale pale mpaka bomba likapata moto hasa. Tekla alinusa mbele, akanusa nyuma, akainama akanusa chini.

"Chuma tu," alisema.

"Nzima?" aliuliza Bibi Bimdogo. Hakumtazama Raymundi.

"Nzima, Bibi."

Bibi alipanda na kasha lake na kuku wake. Safari hii walifika, na Khole alijifungua salama mama yake akiwa amemshika mgongo. Lakini hayo tuliyasikia baadaye.

Siku ile, pikapu lilipoondoka, watu nao waliondoka upesi, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kufikisha habari mtaani kwake. Bernadeta alisita, akamwambia Tekla kwamba kuna ubatizo mkubwa Jumapili na wanatafuta mtu wa kupika wali. Tekla alisema ataona.

Tulibaki watatu. Kaka yangu alikuwa amechafuka mpaka nywele, lakini uso wake ulikuwa mwepesi, uso wa mtu aliyetua mzigo. Nadhani alijiona amefanya jambo kubwa. Na kweli alikuwa amelifanya. Mimi mwenyewe machozi yalikuwa yamenilenga, na nilikuwa tayari kumsamehe.

"Basi, Mama Veneranda," alisema. "Yamekwisha."

Tekla aliokota birika. Chai ilikuwa imepoa tangu mchana. Aliimwaga chini, akasubiri mpaka tone la mwisho.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," alisema. "Mimi nilidhani ni mengi, ndiyo maana miaka yote yanakushinda."

Hakusema kwa hasira. Tekla alifunga kitenge vizuri kiunoni, akaniaga mimi, akaenda nyumbani.